Kifaa usichokijua kwenye boksi la fundi baiskeli: kisome mdomo

Ukirithi boksi la vifaa vya fundi aliyeacha kazi, usihangaike na mpini. Angalia panapouma: unene, meno, thredi. Mimi hufuta grisi kwanza, kisha nachukua rula.

Spana nyembamba ya milimita 2 hivi, namba 13 hadi 17, ni ya koni za ekseli, zile nati zinazobana gololi za gurudumu. Koni imejificha nyuma ya loknati (nati inayoifunga isilegee), spana ya kawaida haipenyi. Inashika koni isizunguke wakati spana nyingine inakaza loknati. Usifungulie pedali, mdomo utatanuka. Pedali ina spana yake, 15, mpini mrefu, na ya kushoto hulegea ukizungusha kufuata mshale wa saa.

Kinachobabaisha watu zaidi ni kipande cha mviringo chenye thredi nje, kipenyo milimita 22, na bolti inayopita katikati. Hicho hung'oa krenki (mkono unaoshika pedali) ya ekseli ya pembe nne. Fungua bolti ya krenki, kisha chungulia ndani: washa (kiduara bapa cha chini ya bolti) imetoka? Ikibaki, kifaa kitasukuma washa badala ya ekseli, na kitakachong'oka ni thredi za krenki. Kaza kifaa kwa mkono mpaka mwisho, maana thredi mbili tatu hazitoshi kubeba nguvu ile. Ndipo uzungushe bolti ya katikati. Krenki za zamani zenye pini ya kupita ubavuni hazikitaki kabisa; zenyewe zina kibanio chenye umbo la C kinachosukuma pini itoke. Wengi hutumia nyundo, na gololi ndizo zinazolipa.

Mpini wenye kipande cha cheni kinachoning'inia si silaha. Unazungushiwa meno ya gia za nyuma ili yasigeuke wakati unafungua ringi inayoyafunga. Vuta mpini huo kufuata mshale wa saa, ringi izungushe kinyume. Friwili ya kufunga kwa thredi (gia za nyuma zinazofungwa kwenye gurudumu kama nati) haiuhitaji, kwa sababu kitoleo chake, yaani kifaa cha kuifungulia, hushika kiini kisichozunguka. Kitoleo chenye pembe mbili huteleza kirahisi, kwa hiyo kibane kwa nati ya ekseli, na ulegeze nati mara friwili inapoachia.

Bomba lililopasuliwa mwisho likatanuka hutoa bakuli za gololi za usukani. Lipenyeze hadi makucha yafunguke nyuma ya bakuli, kisha gonga upande mwingine.

Bapa lenye ncha mbili na namba 0.75 hupima cheni iliyorefuka. Likizama, badilisha. Binafsi naamini rula zaidi: hatua 24 za pini, katikati hadi katikati, ni milimita 304.8 cheni ikiwa mpya. Ikifika 307, inaanza kula meno ya gia.

Kiduara chenye mikato pembeni ni cha nati za spoki. Chagua mkato unaobana kuliko yote.

Upinde mkubwa wenye skrubu katikati hupima kama ringi ya gurudumu (duara linaloshika tairi) iko katikati ya loknati mbili. Uegemeze kwenye ringi, gusisha skrubu kwenye loknati, kisha hamia upande wa pili bila kugusa skrubu. Ukiona nafasi, au upinde ukigoma kukaa, ringi imeegemea upande. Kwa gurudumu la mbele unaweza kufanya bila upinde: ligeuze kwenye uma, kushoto kuwe kulia, uangalie kama nafasi ya breki imebadilika.