Kusoma faili la sauti baiti kwa baiti, na kuliokoa likikatika

Kinasa sauti kinachowekwa mbele ya ngoma ya sindimba kule Newala huandika namba tupu. Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka, kifaa kinaupima umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipimo, yaani sampuli, kinaandikwa kwa 0 na 1. Anayejua namba hizo zilivyopangwa anaweza kulirudisha faili ambalo kompyuta imekataa kulifungua. Kwa wanaorekodi wazee wa Mtwara na Lindi hilo ni jambo kubwa, maana chaji huisha katikati ya masimulizi na si kila simulizi litapata nafasi ya pili.

Anza na mpangilio wa kifaa kabla hujabonyeza kitufe. Chagua WAV, faili la sauti lisilobanwa, sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Kanuni ni kwamba idadi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuuhifadhi, na sikio la binadamu huishia karibu na Hz 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ukirekodi kwa 8,000, kiwango cha simu ya kawaida, kila kilicho juu ya Hz 4,000 kinapotea. Huko ndiko iliko sehemu kubwa ya mlio wa "s", hivyo "saa" na "faa" zinaanza kufanana. Kwa kazi ya lugha, iwe Kimakonde, Kimwera au Kiyao, hasara hiyo haivumiliki, na kulibadilisha faili baadaye kuwa 44,100 hakurudishi kilichokatwa.

Kisha biti, yaani zile 0 na 1; nane zinafanya baiti moja. Sampuli ya biti 16 ina ngazi 65,536, kuanzia -32,768 hadi 32,767, na sifuri ndiyo ukimya. Kila biti inaongeza takribani desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwa hiyo biti 16 zinatoa kama desibeli 96. Kwa mtu mmoja anayesimulia zinatosha. Kwa ngoma tumia 24, kwa sababu pigo la ngoma hupanda ghafla na inabidi urekodi chini chini ili libaki na nafasi. Lenga vilele vya -12 dB, yaani desibeli 12 chini ya dari, robo ya uwezo wote, karibu na 8,200 kwa biti 16. Ukiwa ufukweni Shangani, Mtwara, wakati wa kusi, vika maikrofoni sifongo: mvumo wa upepo ni mzito na unaila nafasi hiyo kabla mtu hajafungua mdomo.

Ukubwa wa faili unapatikana kwa kuzidisha tu. Sampuli 44,100 mara baiti 2 mara chaneli 1 (njia moja ya sauti, yaani mono) ni baiti 88,200 kwa sekunde, karibu MB 5.3 kwa dakika. Stirio, yenye chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, ni mara mbili yake.

Sasa lifungue faili. Kwenye Linux au Mac fungua dirisha la amri (terminal), andika `xxd -l 48 sindimba.wav`, kwenye Windows tumia programu ya HxD. Faili la sekunde 10, mono, biti 16, sampuli 44,100, litaanza hivi:

52 49 46 46 74 75 0D 00 57 41 56 45
66 6D 74 20 10 00 00 00 01 00 01 00
44 AC 00 00 88 58 01 00 02 00 10 00
64 61 74 61 50 75 0D 00

Kila jozi ni baiti moja, iliyoandikwa kwa namba za msingi wa 16: 0 hadi 9, kisha A hadi F kwa 10 hadi 15. Baiti nne za kwanza ni herufi RIFF. Nne zinazofuata ni ukubwa wa faili ukitoa 8. Kinachowachanganya wengi ni kwamba namba hapa huandikwa kwa kuanza na baiti ndogo: 44 AC 00 00 isome kinyumenyume, 0000AC44, nayo ni 44,100. Kabla yake kuna 01 00 mbili: ya kwanza inasema sampuli hazijabanwa, ya pili ni idadi ya chaneli. 88 58 01 00 ni zile baiti 88,200 za kila sekunde. 02 00 ni baiti za sampuli moja, 10 00 ni biti 16. Halafu neno "data", 64 61 74 61, na urefu wa sauti yenyewe: baiti 882,000.

Baada ya hapo ni sampuli. E8 03 ni 1,000. Hasi hupatikana kwa kutoa kutoka 65,536, kwa hiyo -1,000 ni 64,536, inayoandikwa 18 FC. Ukikuta FF 7F FF 7F FF 7F zimefuatana, sauti imegonga dari na kilele chake kimekatwa. Kupunguza sauti sasa hakusaidii. Katika stirio, sampuli za kushoto na kulia zinapishana.

Kifaa kikizimika ghafla, mara nyingi sampuli zimeshaandikwa ila nafasi ya urefu imebaki 00 00 00 00. Nakili faili kwanza, ufanye kazi kwenye nakala. Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, nenda File, Import, Raw Data. Chagua Signed 16-bit PCM (sampuli za biti 16 zisizobanwa), Little-endian (baiti ndogo kwanza), chaneli moja, mwanzo baiti 44, na sampuli 44,100. Vifaa vingine huweka maelezo ya ziada mbele, kwa hiyo usiiamini 44 bila kuangalia: tafuta 64 61 74 61, kisha hesabu baiti 8 kutoka herufi yake ya kwanza.

Matokeo yakiwa mabaya, sikio litakuonyesha kosa. Mngurumo mtupu maana yake umekosea biti, mpangilio wa baiti, au umeanza baiti moja pembeni. Kwa biti 24 jaribu kusogeza mwanzo kwa baiti 1, kisha 2. Sauti nzito inayochukua muda mara mbili ni stirio iliyosomwa kama mono. Mzee akisikika mzito kidogo na dakika moja ikawa sekunde 65, rekodi ni ya 48,000 nawe umeandika 44,100.

Kwa mkesha wa ngoma kuna mtego mwingine. Urefu unaandikwa kwa baiti nne tu, kwa hiyo WAV ya kawaida inaishia kwenye baiti 4,294,967,295. Kwa 48,000, biti 24, stirio, hizo ni saa nne na dakika nane hivi. Weka kifaa kigawe faili kila baada ya saa moja.

Njia hii haifai kwa m4a, faili la sauti la simu. Hata ukilibadilisha jina liishie na .wav, ukilifungua utaona 66 74 79 70 kuanzia baiti ya tano. Humo sauti imebanwa, na jedwali la kuifungulia kwa kawaida huandikwa mwisho wa kurekodi. Simu ikizima kabla, jedwali halipo. Kama lazima utumie simu, weka programu inayorekodi WAV.