Somo: Kulinganisha kwa Kiingereza, lini -er na lini more

Kwa Kiswahili kazi ni ndogo: "mrefu" anabaki "mrefu", tunaongeza "kuliko" au "kuliko wote" na mambo yameisha. Kiingereza hugusa kivumishi chenyewe, na namna ya kukigusa hutegemea silabi.

Hatua ya 1: Hesabu silabi kwa sikio. Hapa ndipo wengi huteleza, maana tumezoea kutamka kila irabu iliyoandikwa. "Large" ina irabu mbili kwenye karatasi, lakini mdomoni ni silabi moja tu. "Strange" vilevile. Ukihesabu kwa macho, hatua zote zinazofuata zitakukataa.

Hatua ya 2: Silabi moja huchukua -er, na -est kwa kinachovizidi vyote: tall, taller, the tallest. Neno likiishia na e, ongeza r au st tu: larger, largest. Likiishia na konsonanti moja iliyotanguliwa na irabu moja, rudufu konsonanti hiyo: big, bigger, hot, hotter. W hairudufiwi: low, lower.

Hatua ya 3: Silabi mbili zinazoishia na y hugeuza y kuwa i: happy, happier, happiest. Nyingi zilizobaki, pamoja na maneno marefu zaidi, hutanguliwa na more au most: more careful, the most expensive.

Hatua ya 4: Wakaidi ni wa kukariri. Good, better, best. Bad, worse, worst.

"Kuliko" ni than. Si then, wala that.

MASWALI

Mwalimu, "more better" nalisikia kila siku. Ni sahihi?
Hapana, better tayari ina "zaidi" ndani yake. Zamani Waingereza wenyewe walirundika hivyo, hadi wanasarufi wa karne ya 18 wakalipiga vita. Kwenye mtihani utakatwa maksi.

Na "very better"?
Nayo haipo. Very hukaa na kivumishi kikiwa kitupu: very good. Ukitaka kusema "bora zaidi sana", sema much better au far better.

Clever ni cleverer au more clever?
Zote zinakubalika. Polite na common nazo ni hivyohivyo.

Mbona "my best friend" haina the?
My imeshakalia nafasi yake; haviwezi kukaa pamoja.