Jinsi ya kusoma umri wa uso wa mwezi kwa darubini ya kawaida ya mkononi tu

Kwanza usisubiri mwezi mpevu. Najua ndo unang'aa zaidi ila siku hiyo jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli hakuna na mashimo yote yanapotea. Toka jioni ukiwa nusu, elekeza darubini pale mwanga unapokutana na giza.

Ila kabla ya hapo fanya jaribio la jikoni, mi ndo lilinifungua macho. Chukua sinia, weka unga wa ngano kina cha vidole vinne, nyunyizia kakao mpaka weupe usionekane, alafu dondosha gololi kutoka usawa wa kifua, hiyo ndo kimondo chako kinachogonga mwezi. Unga mweupe unaruka unatua juu ya kakao kama miale. Sasa dondosha nyingine imege ukingo wa shimo la kwanza, chungulia kwa karibu: lenye ukingo mzima ndo la mwisho kupigwa, lililomegwa lilitangulia. Kanuni ndo hiyo, kilichofunika ni kichanga kuliko kilichofunikwa.

Haya rudi mwezini. Yale madoa meusi ni lava iliyopanda ikajaza mabonde makubwa, sehemu kubwa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, na Apollo 11 walitua kwenye doa mojawapo 1969 wakarudi na mawe ya basalti, yaani lava iliyoganda. Linganisha mashimo: kwenye weupe yamebanana, kwenye weusi ni machache, yaani weupe umenyeshewa vimondo muda mrefu zaidi. Alafu tafuta Plato, upande wa kaskazini, shimo la kama kilomita 100 lenye sakafu nyeusi tambarare. Lilichimbwa kwanza, lava ikaja kulijaza baadae.

(Usichanganye na kreta ya Ngorongoro, ile ni volkano iliyobomokea ndani yake yenyewe, hakuna kimondo pale.)

Mwezi mpevu nao una kazi yake, miale ya Tycho huko kusini. Shimo lenyewe kilomita 85 hivi lakini michirizi yake inapita juu ya milima, juu ya mashimo mengine, juu ya lava, haijali kitu, kwahiyo kwa kanuni ya sinia ni kichanga, wanakadiria miaka kama milioni 108. Duniani mvua ingeshaifuta zamani sana, kule hakuna mvua wala upepo.

Mikono ikitetemeka egemea ukuta au lala chali kwenye mkeka, maana huku kwetu mwezi nusu jioni unakaa utosini kabisa na shingo itakuuma.