Jinsi ya kukokotoa riba na jumla ya marejesho kabla ya kusaini mkopo

Mtu anayeomba mkopo benki, kwenye SACCOS au katika kampuni ya mikopo midogo huulizwa mengi kuhusu kipato na dhamana yake, lakini yeye mwenyewe mara nyingi huuliza jambo moja tu: atakuwa akirejesha shilingi ngapi kwa mwezi. Swali hilo halitoshi, kwa sababu rejesho dogo linalolipwa kwa miezi mingi laweza kubeba riba kubwa kuliko rejesho kubwa la miezi michache. Kinachotakiwa kujulikana kabla ya kusaini ni riba yote na jumla ya fedha zitakazorudishwa.

Riba ya kawaida hukokotolewa juu ya kiasi kilichokopwa mwanzoni, bila kujali mkopaji amekwisha kurejesha kiasi gani. Kanuni yake ni hii:

Riba = Mkopo × Kiwango × Muda ÷ 100

Tuchukue mkopo wa shilingi 1,800,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, unaorejeshwa kwa miezi 18. Kwa kuwa kiwango kimetajwa kwa mwaka, muda nao lazima uwe wa miaka, na miezi 18 ni mwaka mmoja na nusu, yaani 1.5. Basi 1,800,000 × 16 × 1.5 ÷ 100 ni shilingi 432,000. Ukijumlisha riba hiyo na mkopo wenyewe unapata marejesho ya shilingi 2,232,000, na ukigawanya kwa 18, kila mwezi utalipa shilingi 124,000. Muda ukihesabiwa kwa siku, gawanya idadi ya siku kwa 365: shilingi 500,000 zilizokopwa kwa siku 73 kwa kiwango cha asilimia 18 kwa mwaka huzaa riba ya shilingi 18,000.

Hapo kwenye muda ndipo wengi wanapoumia. Asilimia 10 husikika kuwa nafuu kuliko asilimia 30, lakini ikiwa ile 10 ni ya kila mwezi na ile 30 ni ya mwaka mzima, mkopo wa kwanza ni ghali mara nne. Aliyekopa shilingi 300,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi na kurejesha baada ya miezi minne atalipa riba ya shilingi 120,000, na kiwango chake kwa mwaka ni asilimia 120. Mikopo mingi ambayo mitaani Tanzania huitwa kausha damu hutangazwa kwa mwezi au hata kwa wiki, na mkopaji aliyeshikwa na shida hana utulivu wa kuzidisha. Zidisha hata hivyo. Ni kazi ya dakika moja kwenye kikokotoo cha simu.

Jambo la pili la kuuliza ni kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo au juu ya salio linalobaki baada ya kila rejesho. Kwa mkopo wetu wa shilingi 1,800,000, tuseme unapunguza deni kwa shilingi 100,000 kila mwezi na riba inatozwa kwenye salio tu. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 24,000, mwezi wa pili inashuka hadi takriban 22,667, na inaendelea kushuka hivyo hadi mwezi wa kumi na nane, ambapo jumla yake inakuwa shilingi 228,000. Kiwango ni kilekile cha asilimia 16 na muda ni uleule, lakini tofauti ni shilingi 204,000. Naona si haki mkopeshaji kutaja asilimia pasipo kusema inatozwa juu ya nini.

Ongeza pia ada ya kushughulikia mkopo na bima, ambazo mara nyingi hukatwa kabla hujapokea fedha. Zikiwa asilimia 3 kwa pamoja, utapokea shilingi 1,746,000 huku ukirejesha 2,232,000 zilezile, na gharama halisi ya mkopo inakuwa shilingi 486,000.

Ukitajiwa rejesho peke yake, rudi nyuma. Shilingi 115,000 kwa miezi 12 ni 1,380,000. Ikiwa ulikopa 1,000,000, riba ni 380,000, yaani asilimia 38 ya mkopo wa mwanzo kwa mwaka huo.

Kwa anayetarajia kumaliza deni mapema, aulize kama riba ya miezi iliyobaki itafutwa. Katika mkopo wetu wa kwanza, baada ya miezi tisa salio ni shilingi 1,116,000 ikiwa riba haifutwi, na 900,000 ikiwa inafutwa. Jibu hilo liandikwe ndani ya mkataba, kwa maana ahadi ya mdomo ya ofisa mikopo ni vigumu kuithibitisha baadaye.