Kumpata fundi wa kukupandia miti na maua: mwongozo kutoka kwa fundi mwenyewe

Napanda bustani za watu Dar es Salaam. Nilianzia kwenye kitalu cha kando ya barabara, nikijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, kwa malipo ya siku, kwa hiyo najua pande zote mbili, na baadhi ya haya wenzangu hawatayafurahia. Kupanda ni kazi ya siku moja au mbili. Bustani hufa wiki ya pili na ya tatu, wakati fundi ameshalipwa na simu haipokelewi. Ukiajiri fundi, nunua kurudi kwake.

Hatua ya 1: Kijue kiwanja kabla hujapiga simu

Zunguka nyumba asubuhi, kisha saa tisa alasiri, uone jua linapiga wapi. Jua bomba la maji linapita wapi na chemba za maji taka ziko wapi. Halafu chimba shimo la futi moja, umwage ndoo nzima ya maji. Yakipotea kabla hujamaliza kikombe cha chai, kwako ni mchanga mtupu, andaa samadi nyingi. Ukiyakuta kesho yake bado yametuama, huo ni mfinyanzi, na mche utaoza mizizi usipoinuliwa kwenye tuta.

Kama unamwagilia kwa maji ya kisima, yaonje. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Mnazi na bogenvilia huvumilia, waridi halitaki kabisa.

Hatua ya 2: Mtafute kwa bustani zake

Picha za WhatsApp hupigwa siku ya kupanda, maua yakiwa bado na umande wa kitaluni. Hata mimi ninazo, na ni nzuri sana. Ukipita mtaani ukaona uzio wa bogenvilia umeshika vizuri, piga hodi, uliza nani aliupanda na una muda gani. Kisha muulize mwenye nyumba swali moja: "Alirudi?"

Hatua ya 3: Mlete aone, wewe nyamaza

Sikiliza anauliza nini. Fundi mzuri atataka kujua maji yanatoka wapi, nani atamwagilia, kama kuna mbwa, kama watoto wanacheza mpira hapo. Akiingia tu getini akasema, "Bosi, hapa tunapiga fikasi mstari mzima," na hajauliza chemba iko wapi, mpe maji ya kunywa umsindikize. Mizizi ya fikasi hufuata maji, huingia kwenye mabomba na kuinua sakafu ya baraza. Mkungu nao usiusogeze karibu na ukuta. Kama unataka kujikinga na macho ya jirani, mashoki yanatosha: hupanda juu bila kutanuka, na futi 5 kati ya mche na mche si mbaya. Mwembe mwachie nafasi ya mita 8 hadi 10.

Na wateja pia mna yenu. Mara kwa mara napata mtu anayetaka parachichi la Hass uani kwake Mbezi Beach. Hass ni la Njombe, Rungwe, Kilimanjaro, kwenye ubaridi. Huku kwenye joto letu utaishia kuvuna majani. Fundi anayekwambia "hii hapa haikubali", akakosa hela ya mche huo, mshike.

Hatua ya 4: Bei iwe ya mchanganuo

Iandikwe miche mingapi ya kila aina na urefu wake, samadi magunia mangapi, Kirikuu ya kubebea, kuchimba, na atarudi mara ngapi. Bei ya "jumla tu, bosi" ndiyo huleta ugomvi.

Hatua ya 5: Nenda naye kitaluni

Mrefu si lazima uwe mzuri. Mche usiponunuliwa hukaa kwenye kiriba mwaka na zaidi, mizizi ikajizungusha humo ndani kama kamba kwenye kapu. Mwingine hutoboa kiriba na kuzama ardhini. Unyanyue taratibu, ukisikia chini inakatika, rudisha, chukua mwingine.

Kwa mwembe, dai wa kubebesha, yaani ulioungwa juu ya shina la mche mwingine, na usiridhike na neno la muuzaji. Tafuta kovu la kuungia, kama shibiri moja hivi kutoka kwenye udongo. Usipoliona, huo umetoka kwenye kokwa. Wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Wa kokwa utakuchelewesha sana, na usitegemee utazaa embe lile lile uliloahidiwa.

Hatua ya 6: Siku ya kupanda uwepo

Hapa nitajisema mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliwaachia vijana wawili mashoki 30, mimi nikakimbilia kazi nyingine. Baada ya miezi minne majani yakaanza kuwa ya njano. Nikang'oa mche mmoja: kiriba kizima kimebana mizizi kama soksi ya mtoto. Walichana chini kidogo tu ili wawahi kumaliza. Nililipa miche yote 30.

Tangu siku hiyo vijana wangu hukusanya viriba vitupu mahali pamoja, navihesabu. Miche 30, viriba 30. Na wewe hesabu.

Shimo la mti liwe futi 2 kwa 2, udongo wa juu utengwe, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Samadi bichi inaunguza mizizi. Ukiishika ikiwa bado ya moto, ikatae. Mche ukae usawa ule ule uliokuwa nao kwenye kiriba, na kovu la mwembe libaki juu ya udongo. Pandeni kuanzia saa kumi jioni, jua likishapoa. Msimu ni mwanzo wa masika, Machi, au mwanzo wa vuli, Oktoba. Ukiamua kupanda Januari, jiandae kushinda na ndoo.

Hatua ya 7: Pesa igawanywe

Kishika uchumba kisizidi gharama ya samadi na usafiri, na kiingie ndani ya nusu ya kwanza. Tuseme kazi yote ni shilingi 800,000: 400,000 zikamilike miche ikishashushwa getini, 200,000 kupanda kukiisha, na 200,000 baada ya siku 30, mkishahesabu pamoja ulio hai na uliokufa. Uliokufa anaurudishia kwa gharama yake. Lakini iandikwe pia nani anamwagilia, maana nimeshalaumiwa kwa miche iliyokufa kwa kiu bosi akiwa safarini na dada wa nyumbani hajaachiwa maagizo yoyote.

Siku ya 30 ikifika, shika shina, litikise kidogo. Likicheza kama kijiko kwenye uji, mizizi bado haijashika. Kisha tazama ncha. Mwembe uliokubali hutoa majani mapya ya rangi ya kahawia-nyekundu, malaini, yananing'inia. Ukiyaona hayo, mpe fundi 200,000 zake.