Nyanya zinaoza kitako? Kagua ratiba ya maji kabla ya kununua dawa

Kila msimu wa jua wakulima huniletea nyanya zenye doa jeusi lililobonyea kitakoni, na wengi wamekwisha kupulizia dawa ya ukungu mara mbili tatu. Hiyo ni hela iliyotupwa. Utando mweusi mnaouona umekuja baadaye, juu ya nyama iliyokwisha kufa. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo tele udongoni, ila maji ya kuibeba ndiyo yaliyokatika.

Kalsiamu huingia mizizini pamoja na maji na kupanda nayo kwenye mishipa ya shina. Kinachovuta maji hayo juu ni majani, yanapotoa mvuke kupitia vitundu vyake vidogo. Ngozi ya nyanya haipitishi mvuke ila kidogo sana, kwa hiyo majani huchukua karibu yote na tunda huambulia masazo. Udongo ukikauka, hata masazo hayafiki. Kitako, kilicho mbali zaidi na kikonyo, hufa kwanza. Tena kalsiamu ikishakaa kwenye jani haihamii kwenye tunda, ndiyo maana kupulizia majani kunasaidia kidogo mno.

Kosa lenyewe ni hili: kuacha shamba likauke hadi majani yanyong'onyee, kisha kufungulia maji hadi yatuame. Ukame unazuia kalsiamu, na maji yaliyotuama yanainyima mizizi hewa; mzizi usiopumua haunyonyi ingawa umezama. Matunda yaliyonusurika nayo yanapasuka.

Wiki mbili za kwanza baada ya ua kufunga tunda ndizo za hatari. Doa huonekana baadaye, tunda likikaribia nusu ya ukubwa wake, na hapo umeshachelewa.

Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, jua likiwa kali, shina lenye matunda linahitaji takriban lita 1.5 kwa siku. Dumu la lita 20 linatosha mashina 13. Nasikitika kuona dumu hilo hilo likigawiwa mashina 40! Udongo wa kichanga umwagilie kila siku. Wa mfinyanzi, lita 3 kila baada ya siku moja. Maliza kabla ya saa 3 asubuhi. Usipime kwa kutazama juu: chimba sentimita 15 kando ya shina, ufumbate udongo kiganjani. Ukimeguka kama vumbi, mwagilia leo hii, usingoje kesho.

Anayepata zamu ya mfereji mara moja kwa wiki atandaze nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, na apande eneo ambalo maji yake yanalitosha.

Na acheni kurundika mbolea ya urea wakati matunda ni machanga. Majani yanasitawi kupita kiasi na kulipora tunda maji. Ikibidi kuweka mbolea ya kukuzia, tumia CAN, ambayo ina naitrojeni pamoja na kalsiamu.

Vichala vipya vikitoka na kitako safi, ratiba imekaa sawa. Matunda yenye doa hayaponi. Yachume mapema uyatoe shambani.