Valencia wikendi ya marathoni: pitia bustanini

Kama unapanga kwenda Valencia, Hispania, fanya safari iangukie Jumapili ya kwanza ya Desemba, siku ya marathoni. Fika Ijumaa. Jumamosi asubuhi nenda Mercado Central, maana Jumapili soko hilo hufungwa, kisha ule paella (wali wa Kivalencia) mchana. Kwa wenyeji hicho si chakula cha usiku.

Jumapili usihangaike na teksi, barabara nyingi hufungwa. Tembea kwa miguu ndani ya bustani ya Turia. Pale palikuwa mto: baada ya mafuriko ya 1957 maji yalichepushwa nje ya mji, na mkondo wa zamani ukageuzwa bustani ya kilomita 9 hivi. Ifuate kuelekea baharini mpaka Ciudad de las Artes y las Ciencias (Mji wa Sanaa na Sayansi, eneo la majumba ya maonyesho), ambako wakimbiaji humalizia kwenye jukwaa la buluu lililotandazwa juu ya maji. Wahi upate nafasi karibu na uzio. Hapo ndipo marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alipomaliza marathoni yake ya kwanza 2022 kwa 2:01:53, na Gabriel Geay wa Tanzania akafuata kwa 2:03:00. Beba bendera, na uwashangilie wakimbiaji kwa Kiswahili wanapopita.